Sponji ya Bega la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Hili ni daftari la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zina viuno na mikono ya watu, kwa hiyo nimeligeuza nianzie nyuma. Mimi si mtu wa kuandika, niliishia darasa la tano. Lakini leo kule uwanja wa farasi nimefukuzwa kwa adabu.

Binti yangu alikuwa juu ya Mheshimiwa. Mheshimiwa ni farasi, wamempa jina hilo kwa sababu hapendi kuguswa bila kuombwa ruhusa. Mimi niko kwenye uzio, na kama kawaida yangu nikawa nasema, "Nyoosha mgongo, mama! Kaa wima! Bega hilo!" Kila nikisema, farasi anainua kichwa. Yule mwalimu mpya, mwanamke mfupi anayefundisha watu kuusikiliza mwili, akaja taratibu akanishika kiwiko.

"Mama, unamwona farasi?"

"Namwona."

"Ukimwambia binti akaze, anakaza. Akikaza yeye, farasi naye anakaza. Kwa hiyo unafundisha wawili kwa mpigo, na wote unawafundisha vibaya."

Watu wakacheka. Bi Kwato, mtunza farasi, ndiye aliyecheka zaidi. Mdomo wake huyo haujawahi kukosa kazi. Mwalimu akaniambia nikiwa na neno nisilitoe uwanjani, niliandike. Haya. Neno langu la leo ni hili: mtoto ni wangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepoa. Niandike mambo yalivyo.

Mgongo wa Mheshimiwa umevimba upande wa kulia, pale chini ya tandiko. Mwezi uliopita daktari wa wanyama alimbonyeza, farasi akaruka pembeni kama aliyechomwa sindano. Tandiko likakaguliwa, halina kosa. Kocha akasema kosa liko kwa mpandaji, analemea upande mmoja. Amempa binti yangu muda mpaka mvua ziishe, ndipo afanyiwe majaribio. Siku ya majaribio daktari atabonyeza tena. Farasi akiumia, anapewa mpandaji mwingine, na hakuna farasi wa pili wa kumpa mwanangu.

Ana miaka kumi na sita. Aliingia pale akiwa na minane, akifagia, kwa sababu mimi ndiye ninayewashonea makoti na mablanketi ya farasi. Hakuna aliyembeba. Amejibeba.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Uwanja ni uji.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu ameleta mizani mbili za kupimia uzito, akaziweka chini bandani. Mguu mmoja huku, mwingine kule. "Funga macho. Simama mpaka uone uko sawasawa." Binti akasimama kama askari. Mguu wa kulia kilo thelathini na moja, wa kushoto ishirini na mbili.

"Mizani hizi mbovu," akasema.

Wakazibadilisha, ya kulia kushoto. Jibu lile lile. Bi Kwato akaomba naye apande, mizani zote mbili zikalia kwa pamoja. "Mimi angalau nimenyooka," akasema, "ila nimenyooka kwa wingi."

Nyumbani binti akavaa koti lake la kupandia, akasimama mbele ya kioo cha kabati. "Mama, niangalie vizuri. Nimepinda wapi?"

Nilimwangalia. Nikamwambia amependeza.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Sijafanya kosa hilo tangu nianze ufundi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nilikuwa na fahari mpaka nikasahau kuketi.

Mwalimu amemzungusha farasi kwa kamba ndefu, yeye amesimama katikati. Binti juu, macho yamefungwa, mikono kiunoni, hatamu hana. Kazi yake ni moja, kusema "sasa" kila mguu wa nyuma wa kushoto wa farasi unapogusa chini. Hauoni. Ausikie kwa makalio yake.

Mwanzo alikuwa anachelewa. Bi Kwato akasema, "Anasema sasa kama fundi cherehani aliyeahidi nguo Jumamosi." Nikamtazama, akajifanya anafunga ndoo. Lakini baada ya mizunguko kama sita hivi, "sasa" ikaanza kuangukia pale pale. Sasa. Sasa. Sasa. Kama sindano inavyorudi kwenye tundu lake. Kocha mwenyewe alisimama akatoa mikono mfukoni.

Halafu Mwalimu akamsimamisha farasi, akaweka kiganja chini ya mbavu za kushoto za binti, akamwinua kidogo, akamsogeza makalio kuja kushoto. Mimi niliyeko nyuma nikaona mtoto amenyooka kama ukuta mpya.

"Naanguka!" akapiga kelele. "Mwalimu, naangukia kushoto!"

"Uko katikati."

"Siko!"

"Unavyojisikia sivyo ulivyo. Mwili umekaa umepinda siku nyingi, umeanza kupaita huko nyumbani. Ndiyo maana nyumbani kwenyewe unapaona ugenini." Akanigeukia. "Mama, aliwahi kuumia?"

Nikasema ndiyo. Alianguka toka juu ya farasi ana miaka tisa, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, upande wa kushoto. Wiki sita ukapona.

"Mfupa umepona, mwili haujaambiwa. Bado unalilinda bega, unakunja ubavu. Ubavu ukikunjwa kushoto, kikalio kinakimbilia kulia, na huko ndiko mgongo wa farasi unakovimba." Kisha akasema, kama anajiuliza mwenyewe, "Ninachoshangaa ni kwamba hana habari. Watoto wengi huona wenyewe kwenye kioo."

Nikasema nina mteja ananisubiri.

Jumapili, 17 Machi

Niliandike hapa kwanza.

Baada ya kuanguka, bega lile lilibaki chini. Kidogo tu, upana wa vidole viwili, lakini mimi ni fundi, jicho langu linaona upana wa uzi. Nikamshonea sponji ndani ya bitana ya bega la kushoto. Koti la kwanza, kisha sare ya shule, kisha kila kitu. Upande wa kulia sikuweka kitu. Hakuna aliyegundua, hata yeye. Watu walikuwa wakiniambia, fundi, mwanao nguo zinamkaa! Nikawa najivuna.

Nimemwambia baba yake mchana. Yeye ni mwashi. Alikuwa anafuta timazi lake kwa kitambaa, ile kamba yenye uzito wa kupimia ukuta. Hakugomba. Akasema, "Mama watoto, ukuta ukipinda hatuufuniki kwa plasta. Plasta inamdanganya hata aliyeipaka."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, baba."

Jumanne, 19 Machi

Sijamwambia.

Ijumaa, 22 Machi

Nimetia kiraka suruali yake ya kupandia. Imechanika kwenye kalio la kulia. La kushoto ni jipya kabisa. Hiki ni kiraka cha tatu, na vyote vilikuwa kulia. Mikono yangu ilikuwa inajua, mimi ndiye nilikuwa nakataa kujua. Mvua kutwa.

Jumatano, 27 Machi

Mwalimu anampa zoezi la kukaa kwenye kigoda na viganja viwili chini ya makalio, asikilize ni mfupa upi unaobonyeza zaidi. Binti anafanya, kisha anaenda kwenye kioo na koti, anarudi amekasirika. "Mkono unasema hivi, kioo kinasema vile. Nimwamini nani?"

Sijamwambia.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi Bi Kwato alimpitishia Mheshimiwa kiganja mgongoni kabla ya kumtandika, akakiacha pale pale. Hakutania. Akaniita, "Fundi, njoo uguse." Upande wa kulia ulikuwa na joto kama pasi iliyotoka kuzimwa. Nikagusa kushoto, pakavu, pametulia. Mheshimiwa akanitazama kwa jicho moja. Nikaomba radhi kwa farasi, kimoyomoyo.

Kocha akaitwa, akabonyeza, ngozi ya farasi ikatetemeka.

"Wiki nzima hapandwi," akasema. "Na wewe, binti, niseme ukweli. Sioni mabadiliko."

Binti yangu hajawahi kumjibu mtu mzima vibaya. Na leo hakujibu vibaya, ila alijibu. "Samahani, Kocha. Kila siku mnaniambia nimepinda. Mimi najiangalia asubuhi na jioni na koti hili hili. Mabega yangu yako sawa. Naomba tandiko likaguliwe tena."

"Limekaguliwa mara mbili."

"Basi liwe mara tatu. Kioo hakina sababu ya kunidanganya."

Kocha akavua kofia, akakung'uta maji. "Nikimfundisha mtu asiyejua, naweza. Asiyetaka kuambiwa, simuwezi. Kwa nini tusubiri mvua ziishe? Kesho nitamwita mpandaji mwingine amjaribu farasi."

Niliona uso wa mwanangu ukipoteza rangi. Midomo ikakaza, machozi hayakutoka. Amechukua kwangu, sisi hatulii mbele za watu. Nikafikiri, huyu mtoto anahukumiwa kwa ushahidi niliouchonga mimi.

"Kioo hakina kosa," nikasema. "Kosa liko kwenye koti. Mwanangu, vua."

"Mama, nini?"

"Vua, nakuomba."

Tulikuwa chumba cha matandiko. Nikalitandaza koti juu ya kile kigogo wanachowekea tandiko, nikatoa mkasi wangu mdogo mkobani, nikafumua bitana ya bega la kushoto. Ikatoka sponji ya kwanza. Chini yake ya pili. Chini yake ya tatu. Moja ya miaka tisa, moja ya miaka kumi na miwili, moja ya mwaka jana alipoanza kurefuka, nikizihamisha kutoka koti hadi koti. Nikazipanga hapo. Hata Bi Kwato alifunga mdomo, na hiyo pekee ni habari ya kutangaza.

"Sasa livae."

Akalivaa. Bega la kushoto likanywea, kitambaa kikakunjamana kama mfuko uliotolewa vitu. Akaenda kujitazama kwenye kioo cha dirisha, nje mvua inanyesha. Alisimama pale muda mrefu. Akainua bega, akalishusha. Akainua tena.

"Ni hili tu?"

"Nguo zote. Sare. Sweta. Gauni la harusi ya mjomba wako."

"Miaka saba, mama?"

"Miaka saba."

"Ulikuwa unanionea aibu?"

Hilo swali sikulitegemea, na limenichoma. Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliogopa watu wakiliona bega watakumbuka kwamba aliwahi kuanguka, watasema mtoto huyu asipande tena. Halafu nikamalizia, maana nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha hapa: "Na mimi mwenyewe sikutaka kukumbuka. Kila nikiliona nasikia ule mlio wa mfupa."

Alivua koti, akaliacha, akatoka kwenye mvua na fulana yake.

Mimi nikabaki na sponji zangu. Mwalimu akamwambia Kocha, kwa sauti ile ile ndogo, "Ulikuwa unamlaumu mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Sasa kimetoka. Ulimpa mpaka mvua ziishe, basi ziishe."

Kocha akatazama juu ya paa, mvua ilivyokuwa inapiga. "Kwa mvua hii," akasema, "ana muda." Akavaa kofia akaondoka.

Jumatano, 3 Aprili

Hajanisemesha. Anaitika "ndiyo" na "hapana", tena kwa heshima. Heshima ikizidi ndani ya nyumba ni adhabu.

Alhamisi, 4 Aprili

Hajanisemesha. Baba yake kasema plasta ikibomolewa vumbi huwa jingi.

Ijumaa, 5 Aprili

Ametoka shule, akaweka juu ya cherehani yangu sare, sweta, na lile gauni. "Fumua."

Nikafumua vyote. Alikaa pembeni akikusanya nyuzi kama alivyokuwa akifanya utotoni. Tulipomaliza akasema, "Sasa nishonee kitu kinachoonyesha."

"Kinachoonyesha nini?"

"Nilivyo. Kikaze mgongoni, kila mtu aone."

Nimemshonea fulana ya kubana, na utepe mwekundu kutoka shingoni mpaka kiunoni, katikati ya uti wa mgongo, na mwingine umekatiza bega kwa bega. Nimeupima mara nne. Alipoivaa, utepe wa mabega ulilala kama ubao wa duka uliong'oka msumari mmoja. Nikaumia. Yeye akacheka! Akasema, "Ehe, karibu nyumbani." Sijui alikuwa analiambia bega au ananiambia mimi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mheshimiwa amepona, amepandwa leo. Bi Kwato anatembea nyuma na simu akimpiga picha za video, kisha binti anazitazama. "Kumbe hapa ndipo naanza kukunja, kwenye kona." Mwalimu hamwambii nyooka hata mara moja. Anamuuliza tu. Mfupa upi mzito? Pumzi imeishia wapi? Ubavu wa kushoto una nafasi? Na yeye akijibu tu, utepe unarudi mahali pake. Niliyekuwa namwona ni mchawi wa uwanja ule, sasa namwona ni fundi mwenzangu. Anapima kwanza.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekaa kwenye kigoda na viganja chini, nione binti anaona nini. Mimi nalemea kulia, upande wa mguu wa kukanyagia cherehani. Baba watoto naye akajaribu, akasema yeye hana mfupa, ana godoro. Nyumba nzima sasa inakaa kama imebeba mayai.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Kikalio cha suruali hakijachanika.

Jumamosi, 4 Mei

Ameanguka.

Walikuwa wamemvua vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, apande miguu ikining'inia. Mchakamchaka, kwenye kona ya matope, farasi akateleza kidogo, na mwili wa binti ukakumbuka ya zamani. Nikaona utepe ukikunjika, bega likashuka kujilinda, akaenda chini. Upande wa kushoto.

Niliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Miguu ilitaka kuruka uzio. Mwalimu alinitazama, akanyanyua kidole kimoja, subiri. Ndizo pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta.

Akainuka. Matope mpaka kwenye nyusi. Akazungusha mkono wa kushoto, akalibonyeza bega kwa vidole, kama daktari, halafu akasema kwa sauti, "Limeanguka na halijavunjika. Mmesikia? Halijavunjika!" Akamwendea Mheshimiwa, akaomba ruhusa, akapanda.

Bi Kwato akaninong'oneza, "Hilo bega ndiyo kwanza limepewa taarifa."

Yule mwanamke nilikuwa namwona domo tu. Leo nimejua kila alfajiri anapitisha kiganja kwenye mgongo wa farasi kabla ya chai yake, anaandika kwa mkaa ukutani: baridi, baridi, baridi. Siku ishirini na moja.

Jumapili, 12 Mei

Mizani: kulia ishirini na saba, kushoto ishirini na sita na nusu. Akasema, "Hiyo nusu niachieni, ni kumbukumbu."

Jumatano, 22 Mei

Jua la kwanza. Kocha ametangaza majaribio Jumamosi. Nimemshonea koti jipya, halina kitu ndani ila yeye. Nimelipiga pasi mara tatu.

Jumamosi, 25 Mei

Watu walikuwa wengi, wazazi wa wapandaji wote wamepanga mstari kwenye benchi la pembeni. Mimi nikaenda kusimama nyuma, kule mlangoni, kwa sababu mpandaji akitazamwa ubavuni anapendeza tu, lakini akitazamwa mgongoni hana pa kujificha.

Aliingia. Mwendo wa kawaida, mchakamchaka, shoti, kona ya kulia, kona ya kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na nikautafuta woga nisiuone. Mabega yalikuwa sambamba, lakini si hayo yaliyonitoa machozi. Ni kwamba alikuwa hakazi. Mgongo wake ulikuwa unakwenda na mgongo wa farasi, kama kitambaa na bitana yake vilivyokatwa kwa pamoja. Mheshimiwa kichwa chini, masikio yamelegea, anatafuna lijamu, kile chuma cha mdomoni. Jicho langu la fundi lilitafuta pa kurekebisha, likakosa. Mwanangu yule. Yule pale. Ningeweza kuandika hivyo mara mia.

Walipomaliza, daktari wa wanyama akaingia. Tandiko likatolewa. Kocha, Mwalimu, Bi Kwato, wote wakasogea. Daktari akaanzia mabegani, akashuka kidole kwa kidole, kushoto kwanza, kisha kulia. Akafika pale. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, mpaka kucha zikawa nyeupe.

Mheshimiwa akapiga mwayo.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Daktari akasema, "Huyu mgonjwa ananidharau." Kocha akamwendea binti, akampa hatamu mkononi, mbele ya watu wote. "Farasi ni wako kumpanda. Na siku ile niliharakisha. Samahani." Kocha huyu mimi sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata alipomkanyaga Bi Kwato mguu.

Makofi yakapigwa. Wazazi wengine watoto wao walikuwa wanakuja mbio kwenye benchi, wanakumbatiwa, wanapigwa picha. Nikatengeneza kanga yangu begani, nikasimama tayari.

Wangu hakuja. Alimwongoza Mheshimiwa mpaka kwenye kivuli cha banda, akamvua lijamu, akachota maji, akaanza kumkausha jasho mgongoni. Polepole, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudi kulia kuhakikisha. Dakika zikapita. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, amevaa kofia kubwa, akanionea huruma. "Shoga, mwanao ameshinda halafu hana hata habari na wewe. Muite basi."

"Nimuite wa nini?" nikamwambia. "Yuko kazini."

Nikavuta ndoo tupu ya Bi Kwato, nikaigeuza, nikakaa kumtazama mpaka amalize.